Sahani za Jogoo

Kulikuwa na nchi. Jina lake msiniulize, kwa sababu nalo limeandikishwa, na mtu akilitamka bila kibali hutakiwa alimeze. Itoshe kujua kwamba iko mbali sana na hapa, na kwamba mambo yake hayafanani hata kidogo na mambo ya kwetu. Ukiona yanafanana, basi ni macho yako, nenda ukapimwe.

Katika nchi hiyo aliishi bwana mmoja akiitwa Mfaume Kombo, Mkurugenzi wa Idara ya Michoro. Alikuwa mtu mwema, mwenye suti moja ya kijivu na sauti ya upole, na idara yake ilikuwa vyumba viwili nyuma ya Wizara, kimoja chake na kimoja cha feni mbovu. Kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kusubiri. Sheria ya zamani ilisema kwamba mchoro ukishachapwa juu ya vitu zaidi ya hamsini, basi baada ya miaka ishirini na mitano unakuwa wa watu wote, kama kisima cha mtaa. Na kwa kuwa michoro yote ya nchi ile ilikuwa ya tangu enzi za mabibi, hapakuwa na mtu wa kumshitaki mwenzake. Bwana Mfaume alikaa mezani na muhuri wake wa mpini wa mbao, akiufuta vumbi asubuhi na kuufuta tena jioni. Muhuri wenyewe ulisema IMERUHUSIWA. Aliupenda sana, maana hakuwa na kitu kingine cha kupenda mle ofisini.

Siku yake ilikuwa Ijumaa. Akitoka msikitini alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, Bi. Mize, mjane aliyekaa mtaa wa nyuma ya soko. Alivua viatu, akakaa juu ya mkeka, akaletewa wali wa nazi na mchuzi wa pweza katika sahani yake ileile ya utotoni. Ilikuwa sahani ya bati, nyeupe, ukingo wa buluu, na katikati jogoo mwekundu aliyeinua mguu mmoja. Hapo ukingoni palibanduka rangi siku Mfaume alipompiga nayo dada yake kichwani. Sahani za jogoo zilikuwa katika kila nyumba ya nchi ile, kwa tajiri na kwa fukara, na mtoto aliyetaka kukimbilia michezo kabla ya kumaliza chakula aliambiwa neno moja tu: hakuna kuinuka mpaka umwone jogoo. Bwana Mfaume alikuwa na mvi, na cheo, na gari la serikali lililokuwa gereji, lakini kila Ijumaa mama yake alimwambia vilevile, naye haondoki.

*

Mambo yalianza kwa kiti. Mheshimiwa Sifaeli Makofi, Waziri wa Ubunifu, Vyombo na Mengineyo, alialikwa ng'ambo kwenye mkutano, akafika kabla ya wenzake, akakaa ukumbini kwenye kiti cha ngozi chenye miguu ya chuma. Akakisifu. Wenyeji wake wakamwambia kiti hicho kinalindwa na sheria: aliyekichora alikwisha kufa, ila mchoro wake unalindwa kwa uhai wake wote na miaka sabini juu yake, hata kama viti vyenyewe vimetengenezwa maelfu kwa maelfu. Waziri akainuka kwa heshima, akamaliza mkutano mzima amesimama. Wakamwahidi kwamba nchi yake ikiwa na sheria kama hiyo, ataalikwa kwenye mkutano mwingine wenye viti vingi zaidi.

Aliporudi alihutubia Bunge. "Ndugu Spika," alisema, "nchi za wenzetu zinalinda kiti. Sisi tunalinda nini? Kinu chetu hakilindwi. Mkeka wetu hakuna anayeulinda. Jogoo wetu analala chini ya wali usiku na mchana, anamwagiwa mchuzi, anakwaruzwa na vijiko, na hakuna mtu mmoja katika taifa hili aliyewahi kumwomba ruhusa."

Wabunge walipiga meza. Wawili watatu walifuta machozi. Mbunge mmoja wa upande wa nyuma akauliza kama sheria hii itagusa sahani zitakazonunuliwa au na zile zilizokwisha kununuliwa, na Waziri akamjibu kwamba sheria nzima huenda mbele na nyuma kama gari zima. Kura ikapigwa kabla ya saa ya chakula, kwa kuwa siku hiyo kantini ya Bunge ilikuwa na pilau. Pilau ililiwa katika sahani za jogoo, na mpaka leo hakuna aliyeshitakiwa kwa hilo.

Sheria ililinda kila kitu chenye mchoro: sahani, sinia, chupa za chai zenye maua, leso, mpaka magodoro. Idara ya Michoro iliambiwa ianze na sahani, kwa sababu magodoro ni mazito. Bwana Mfaume akapewa wakaguzi, meza mpya na feni nzima. Akaahidiwa kwamba kazi ikienda vizuri ataitwa Kamishna, neno ambalo alijaribu kulitamka mbele ya kioo na likamkaa vizuri mdomoni.

*

Tangazo alilitunga mwenyewe, likasomwa redioni kwa sauti nzito. Kila mwananchi alete sahani zake zenye michoro katika ofisi iliyo karibu naye, zikaguliwe.

Sasa, nchi ile ina ada yake. Sahani haitembei tupu. Ukipeleka sahani mlangoni kwa mtu, iwe na kitu ndani. Ukiletewa, uirudishe na kitu, japo chumvi, japo ndimu mbili. Kumkabidhi mtu sahani tupu ni kumwambia kwamba kwenu ukarimu umekufa na umezikwa, na wapo mawifi ambao hawasalimiani mpaka leo kwa jambo hilo. Bwana Mfaume aliijua ada hii tangu akinyonya. Lakini alikuwa ameshinda na sheria muda mrefu, na mtu akishinda sana na sheria husahau sahani ni ya nini.

Basi asubuhi ya ukaguzi alifungua dirisha la ofisi akaona foleni imezunguka Wizara, imefika sokoni na kurudi. Kila mtu alishika sahani, na kila sahani ilifunikwa kwa kawa la ukindu. Wa kwanza alikuwa Bi. Raya, jirani wa mama yake, mama wa maneno machache na mkono wa pilipili nyingi. Aliweka sahani mezani, akafunua. Ndani mlikuwa na ndizi mbichi za nazi na samaki mzima. Mkaguzi akatazama, akatafuta jogoo, hakumwona. Akamgeukia Mkurugenzi.

Bwana Mfaume alifungua kanuni za ukaguzi, alizoziandika kwa mkono wake. Kanuni ilisema mkaguzi ataondoa kizuizi chochote kinachoziba mchoro. Basi mkaguzi akanawa mikono, akaondoa.

Waliondoa vizuizi mchana kutwa. Waliondoa mihogo, vitumbua, maharage ya nazi, mchicha, kuku wa kienyeji mwenye undugu na mchoro wenyewe. Mkaguzi mmoja wa kutoka bara aliyekuwa hali pweza alijifunza kwa ajili ya taifa. Wiki ya pili suruali za sare zikaanza kukataa vifungo, na Idara ikaomba suruali nyingine kwa maelezo kwamba sheria imepanuka. Na kila jogoo alipoonekana, sahani ilizuiwa mpaka mwenye mchoro apatikane na aseme kama anaruhusu au haruhusu. Watu walikubali bila ugomvi. Kila mmoja aliiacha sahani yake, akasema neno lilelile, "Haya, mtanirudishia," akaenda zake na kawa lake.

Waziri alipata habari, akaenda redioni. Alisema katika historia ya sheria duniani haijapata kutokea sheria kupokewa kwa vyakula. Alisema wananchi wameipenda mpaka wameipikia.

Sahani zilipelekwa kwa malori katika Ghala la Akiba ya Taifa. Ghala lilikuwa tupu, kwa mujibu wa taarifa. Mchele wa maafa uliokuwa humo uliliwa na panya, na Waziri alikwisha kulieleza Bunge kwa masikitiko. Bwana Mfaume alipofika na lori la kwanza alikuta magunia yamepangwa mpaka darini. Akamuuliza mlinzi, mtu mtulivu aliyeitwa Chande, yale ni nini. Chande akajibu kwamba ni ule mchele ulioliwa na panya. Bwana Mfaume, ambaye hakuzoea kubishana na taarifa ya Wizara, akaamuru sahani zipangwe kando ya pale ambapo magunia hayakuwapo. Kisha akamwachia Chande amri moja: chombo kisitoke humu bila muhuri.

*

Na mama yake alikuja pia. Alipanga foleni kama watu wengine, akakataa kupitishwa mbele, akamwekea mwanawe mezani sahani yenye ukingo uliobanduka. Wali wa nazi, mchuzi wa pweza. Wakaguzi wote wakasimama kutazama Mkurugenzi atafanya nini. Alikula. Alikula polepole mpaka akamwona jogoo, akapangusa mdomo, akasema kwa sauti ya kiofisi kwamba sahani hii inazuiwa. Halafu akasema chinichini, "Ni sheria, mama."

"Nimesikia, baba," akasema Bi. Mize. "Utanirudishia."

Ijumaa ile Bwana Mfaume alitoka msikitini akaenda kwao. Akavua viatu, akakaa mkekani. Bi. Mize alikuwa na wageni wawili wanawake wanakula kwenye majani ya mgomba, na harufu ya nazi ilikuwa imejaa uwanja mzima. Alimpokea mwanawe vizuri, akamuuliza kazi, akamuuliza mgongo, akampa maji ya kunywa. Chakula hakikuja. Bwana Mfaume akasubiri kwa adabu, kisha akasubiri bila adabu, akichungulia jikoni. Mwishoni akauliza.

"Wewe sahani yako iko kwako," mama akamwambia, kwa upole kabisa. "Ikija nitakupakulia."

Akacheka, akidhani ni utani. Bi. Mize hakucheka. Bwana Mfaume akasema kwamba hata jani la mgomba lingemtosha, akaambiwa majani ni ya wageni. Alirudi nyumbani kwake na njaa, akanunua chipsi njiani, akala kwenye karatasi, akasikia uchungu ambao hakujua aupeleke wapi. Ijumaa iliyofuata ikawa hivyohivyo, na iliyofuata tena. Mama alimjulia hali, akampa maji, akamwombea dua. Mtu mzima yule alianza kuziogopa Ijumaa. Usidhani ni pweza tu aliyekuwa anamtaka, ingawa naye alikuwa anamtaka.

*

Dawa ilikuwa moja: mwenye jogoo apatikane. Idara ikatangaza kwamba yeyote aliyemchora, au aliyerithi kwa aliyemchora, ajitokeze.

Walijitokeza. Nchi ile ina watu wakarimu wa kumbukumbu. Kila mmoja alipewa karatasi na kalamu amchore jogoo wake tena, kwa uthibitisho. Wengine walichora bata. Mwalimu mmoja mstaafu alichora jogoo mwenye masikio, akaeleza kwamba katika sahani masikio yamefichwa na manyoya. Jogoo wa fundi cherehani mmoja alifanana mno na Mheshimiwa Makofi, hasa shingoni, na karatasi ile ikachukuliwa na watu wa usalama ikahifadhiwe.

Mzee Ngwali hakuchora kitu. Alikuja na jogoo mwenyewe kwapani. Alieleza kwamba babu wa jogoo huyu ndiye aliyesimama mbele ya mchoraji, akasimama kwa mguu mmoja siku nzima bila malipo, na kwamba haki ya damu haipotei. Mwanasheria wa Wizara alifikiri sana, akasema hoja ina mguu. Jogoo akazuiwa kama shahidi. Alifungwa kwenye mguu wa meza ya Mkurugenzi, akawa anawika vikao vikiendelea, na katibu kwa kuwa hakutaka lawama akawa anaandika kwamba mjumbe mmoja alichangia.

Baada ya uchunguzi ikabainika kwamba sahani zile zilitoka kiwanda cha mjini kilichofungwa zamani, ambacho kilimwiga jogoo kutoka sahani za nchi nyingine, ambako nako walimwiga kutoka kwingine. Mchoraji hajulikani. Mwanasheria akatoa uamuzi wake: mtu asiyejulikana hawezi kuthibitishwa kwamba amekufa, asiyekufa yu hai, na aliye hai miaka yake sabini haijaanza kuhesabiwa. Kwa hiyo jogoo atalindwa mpaka Kiyama, na Serikali itamshikia haki yake. Mzee Ngwali alidai arudishiwe jogoo wake. Akaambiwa sasa ni wa taifa.

Bwana Mfaume aliusikia uamuzi huo akiwa na njaa, na mpaka Kiyama aliona ni mbali.

*

Uchaguzi ndio uliobadilisha upepo. Mheshimiwa Makofi alipoanza kupita kuomba kura aligundua kwamba kila nyumba inayomkaribisha inamlisha juu ya majani na vifuniko vya sufuria, na watu wanamtazama anavyokula. Akarudi mjini mbio. Akatangaza kwamba Serikali, kwa huruma yake, imeamua kuwarudishia wananchi sahani zao kama zawadi, na wazipokee kwa shangwe uwanjani, Jumamosi, kuanzia saa tatu.

Likajengwa jukwaa. Ikaja bendi. Sahani zikapangwa chini ya turubai, zimeoshwa, zinang'aa, jogoo elfu kwa elfu wameinua mguu mmoja. Waziri alihutubia mpaka bendi ikasinzia. Kisha akaitwa wa kwanza kupokea, Bi. Raya, apigwe picha. Bi. Raya alipanda jukwaani kwa heshima zote. Akanyoosha mikono miwili. Waziri akampa sahani, akatabasamu kwa mpiga picha. Bi. Raya akaitazama sahani, akamtazama Waziri, akaitazama tena sahani, akauliza kwa sauti ya kawaida, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu.

"Mbona tupu?"

Bi. Raya akaiweka sahani chini, taratibu, akashuka. Akina mama wakakunja leso zao, wanaume wakavaa kofia, na watu wote wakaenda makwao bila kelele yoyote. Ilibaki bendi. Waziri alimgeukia Bwana Mfaume, akamuuliza watu wale wana nini. Na Bwana Mfaume, ambaye pale pale alikumbuka kila samaki, kila kitumbua na kila bakuli la mchuzi alilowahi kuondoa kwa niaba ya sheria, aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alisema, "Mheshimiwa, tulizipokea zimejaa."

Baraza la Mawaziri likakaa siku hiyohiyo. Kuzijaza sahani za nchi nzima lilikuwa jambo zito. Mmoja akashauri kila sahani iwekwe punje moja ya wali, kama ishara. Mwingine akashauri iwekwe picha ya wali. Waziri wa Afya akauliza kama hewa safi haihesabiki. Mheshimiwa Makofi ndiye aliyeokoa jahazi. Alisema kwa kuwa Serikali inaheshimu mila, na mila inakataza sahani kurudi tupu, basi sahani zitabaki Serikalini mpaka uwezo utakapopatikana. Iundwe Tume ya Kujaza Sahani. Wakapiga makofi, na Tume ikaanza kazi kwa chakula cha mchana. Malori yakarudisha sahani ghalani.

*

Ijumaa iliyofuata Bwana Mfaume hakwenda ofisini. Alikwenda ghalani. Alimwambia Chande anataka sahani moja tu, ya mama yake, akaitafuta mwenyewe kwa ukingo uliobanduka mpaka akaipata.

Chande alikuwa mtu wa amri. Akasema chombo hakitoki bila muhuri. Bwana Mfaume akautoa mfukoni, akatafuta karatasi, hakuwa nayo, na Chande naye hakuwa nayo. Ndipo Chande akasema kwamba yeye aliambiwa pawepo muhuri, hakuambiwa ugongwe juu ya nini. Bwana Mfaume akaugonga kwenye kiganja chake, akakionyesha, Chande akasoma neno lile na kuridhika. Kisha akamtazama kwa huruma.

"Itatoka hivyo hivyo tupu, mzee?" akauliza. Akaashiria magunia. "Nikutilie kidogo."

Bwana Mfaume alitazama magunia. Alisema, kwa masikitiko, kwamba hawezi kubeba mchele ulioliwa na panya. Chande akasema haya, yeye amesema tu.

Akatoka na sahani tupu mkononi, mchana kweupe. Hapo ndipo alipojua. Watu waliomwona walitazama pembeni, kama unavyofanya ukimkuta mtu mzima nguo imemvuka. Mwanamke mmoja alimwita mwanawe ndani. Muuza mihogo aliinamisha kichwa. Bwana Mfaume aliiweka sahani kwapani, ikaonekana. Akaishika nyuma, ikaonekana zaidi. Duka alilolitegemea lilikuwa limefungwa kwa Ijumaa. Akajipapasa mifukoni kutafuta chochote, hata pipi, hata njugu. Alikuwa na leso ya jasho na muhuri. Akautia muhuri ndani ya sahani, akaufunika kwa leso, akanyanyua kichwa na kuendelea na safari.

Bi. Mize aliipokea sahani kwa mikono miwili. Akaiweka mkekani, akafunua leso. Mama yule akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akacheka mpaka Bi. Raya akachungulia uani kuuliza kuna nini.

"Hiki kinaliwaje?" akauliza Bi. Mize.

"Hakiliwi, mama. Kinagongwa." Bwana Mfaume alimwonyesha kiganja, akamsimulia habari ya Chande. "Sikuwa na kingine. Nimekuja nacho hicho."

"Basi hujaja mikono mitupu," mama akasema. Akautoa muhuri, akaifuta sahani, akaingia jikoni. Bwana Mfaume akasikia mwiko unagonga sufuria, na akainama afunge kamba za viatu ambavyo alikuwa amekwisha kuvivua.

*

Kitu ulichopewa ndani ya sahani hakidaiwi. Hata mtoto anajua. Kwa hiyo Bwana Mfaume hakuuomba muhuri wake, na Bi. Mize hakumrudishia. Alasiri ile Bi. Mize alimpelekea Bi. Raya vitumbua, na juu ya vitumbua aliweka muhuri. Bi. Raya akaugonga kwenye kiganja chake, akaenda ghalani, akakionyesha. Chande akasoma, akamtafutia sahani yake. Na kwa kuwa Chande naye alizaliwa na mama, hakuweza kumpa mwanamke wa watu sahani tupu. Akamtilia kibaba cha mchele ambao haukuwapo.

Bi. Raya akamrudishia Bi. Mize sahani yake na bilimbi za achari. Katika sahani yake mwenyewe alipakua wali, akatia muhuri pembeni, akampelekea jirani wa upande wa pili. Ndivyo ulivyoanza kutembea. Ulitembea chini ya makawa, juu ya viazi vya nazi na kando ya mbatata, mtaa kwa mtaa, ukavuka mto kwenye sahani ya harusi. Wasichana wakaona unapendeza ukikaa karibu na hina. Mafundi, wapagazi, polisi wa zamu, wote walikuwa wameruhusiwa kiganjani. Wakaguzi wa Idara walipanga foleni ghalani kama wengine, wakirudisha suruali zao katika hali ya kawaida.

Tume ya Kujaza Sahani ilipomaliza vikao ilikwenda ghalani na wapiga picha, Mheshimiwa Makofi akiwa mbele. Chande akafungua milango. Ndani hamkuwa na sahani, hamkuwa na gunia, sakafu imefagiliwa. Kwa mara ya kwanza taarifa ya Wizara ilikuwa ya kweli, na Mheshimiwa Makofi alitetemeka, maana hakuzoea. Akamuuliza Chande sahani ziko wapi. Chande akafikiri kidogo. Akasema, "Panya, Mheshimiwa."

Waziri akashusha pumzi. Hilo lilikuwa jibu alilolijua. Jioni ileile taarifa ikaandikwa kwamba panya waliomaliza mchele wa maafa, baada ya kuizoea sehemu, waliendelea na bati. Ilikuwa taarifa nzuri, ndefu, na ilikosa kitu kimoja tu: muhuri wa Idara ya Michoro. Kesho yake, ambayo ilikuwa Ijumaa, dereva wa Waziri akatumwa amlete Mkurugenzi na muhuri wake mara moja, na amwambie kwamba ukamishna wake uko tayari unamsubiri.

Dereva alimkuta uani kwa Bi. Mize, mkekani, na mlima wa wali mbele yake. Alitoa ujumbe. Bwana Mfaume, kwa mazoea ya utumishi wa umma, akaanza kuinuka. Alikuwa tayari ameinua mguu mmoja.

"Mfaume," akasema mama yake bila kugeuka kutoka jikoni. "Hakuna kuinuka mpaka umwone jogoo."

Bwana Mfaume akautazama wali. Ulikuwa mwingi. Akaushusha mguu, akakaa vizuri, akamwambia dereva akamweleze Mheshimiwa kwamba muhuri uko ndani ya sahani ya mtu, na wakati huu huenda umefika kaskazini. Kuhusu yeye mwenyewe, amesikia wito, na hajamwona jogoo.

Dereva hakuondoka. Alikuwa ametazama chakula muda wote huo. Bi. Mize alimwona, akatoka na birika la maji na sahani nyingine, na dereva alipokunjua mkono anawe, neno lile lilikuwepo kiganjani pake, limefifia kidogo kwa usukani.